Radi Amefika Manyoni

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimeripoti. Basi, imekwisha.

Kuripoti ni kugusa kitufe tu. Lakini tangu nimekigusa sijaweza kutunga uzi kwenye sindano.

Mambo yenyewe ni haya. Tangu juzi gemu letu, Himaya ya Chuma, linatoa onyo kila ukilifungua: marufuku mtu kuchezea akaunti isiyo yake, na kikosi kitakachomficha mtu wa namna hiyo kitafungwa chote. Chote! Ngome yangu, nyota zangu, farasi wangu weupe niliowahangaikia tangu niko kidato cha nne — vyote viende kwa sababu ya mtu mmoja?

Na mtu mwenyewe ni Radi. Kamanda wetu. Wiki iliyopita alijisahau, akaandika kwenye ukumbi wa kikosi kwamba hii akaunti wala si yake, aliachiwa tu. Wote tukacheka. Mimi nikaandika "hahaha". Mimi siku zote huandika. Kikosini naitwa Mtemi, mwanamume, mfanyabiashara wa asali, na kipaza sauti changu sijawahi kukifungua hata siku moja. Anayejua kwamba Mtemi ni Lamya, fundi cherehani wa Isevya, ni rafiki yangu Najiat peke yake.

Nilipiga picha ya yale maandishi yake, nikaituma kwa wenye gemu. Jibu likaja papo hapo: asante, jina lako litabaki siri.

Najiat hakufurahi. Kasema Radi ndiye aliyetufundisha kucheza, ningemuuliza kwanza aliachiwa na nani. Nikamwambia kanuni ni kanuni. Akanitazama. "Kanuni! Wewe uliyejisajili kwa jina la kaka yako?"

Ni kweli. Laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha Murtadha, na gemu lilitaka jina lifanane na la laini. Ningefanyaje? Kwa hiyo huko ndani, kwenye karatasi zao, Mtemi ni Murtadha. Kaka mwenyewe hajui hata gemu linaitwaje.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Radi hayupo. Nimelitafuta jina lake, wamejibu: akaunti hii haipo tena. Nilidhani watamfungia wiki moja, mwezi. Kumbe wamefuta kabisa.

Leo pia kumeletwa masharti mapya. Ukurasa unashuka, unashuka, haufiki mwisho, na chini kabisa kitufe cha kijani: Nakubali. Nilikuwa na gauni la mteja mapajani, nikabonyeza kwa kidole gumba. Nani anasoma? Ni kama yale matangazo ya redioni, mtu anaongea taratibu vizuri, halafu mwishoni anakimbizwa: vigezonamashartikuzingatiwa! Najiat naye kabonyeza. Kikosi kizima kimebonyeza.

Jumapili, 13 Julai 2025

Amerudi. Ya Rabi, amerudi!

Kaingia kwa akaunti nyingine, anajiita Radi Tena. Naibu kampa ukamanda wake hapo hapo, watu wote walikuwa wanamwonea huruma. Halafu akatuma barua aliyoandikiwa na wenye gemu. Chini ya barua wameweka ushahidi. Picha. Picha yangu mimi.

Jina wamelifuta, kweli. Lakini pembeni kule juu, kidogo tu, bendera ipo. Kijani, ina nyuki watatu. Kikosini mwenye bendera ya nyuki ni mmoja.

Hakutukana. Ingekuwa afadhali angetukana. Kaandika taratibu, sentensi moja moja, na sisi wote tunaangalia tu nukta zikichezacheza anapoandika inayofuata. Kwamba akaunti ilikuwa ya mdogo wake. Kwamba mdogo wake alifariki miaka minne iliyopita, ajali ya pikipiki, Dodoma. Kwamba mle ndani kulikuwa na jumbe za sauti ambazo mdogo huyo alikuwa akimtumia kaka yake, za kumtania, za kumwita aje waingie vitani, na yeye kila akiingia huzisikiliza kwanza ndipo acheze. Zimefutwa zote. Aliwaandikia akawaomba wamrudishie sauti tu, ngome wabaki nayo. Wakamwambia asome masharti: akaunti hairithiwi, mwenyewe akifa nayo inakufa.

Halafu hii, nainakili kama ilivyo: "Nimeyasoma. Yote. Nyinyi hamkusoma. Kwa hiyo mimi najua mlichokubali Ijumaa, nyinyi hamjui."

Na baada ya hapo: "Murtadha wa Tabora, tutaonana."

Nilizima simu. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya vitambaa vya viraka, nikaweka mfuniko juu. Kama vile simu ni nyoka! Mama akaniuliza natafuta nini humo. Nikasema mkasi.

Jumanne, 15 Julai 2025

Tumesoma leo. Mimi na Najiat, chumbani kwake, mlango umefungwa. Kiingereza chenyewe kigumu, sentensi haina pumzi. Tulikuwa tunatafsiri neno moja moja kwa simu ya pili. Najiat alikuwa anasema kwa sauti, mimi naandika kwenye mkono wangu kwa chaki ya kushonea. Tuliyoyaona:

Kamanda anaruhusiwa kuona jina la usajili la kila mtu wa kikosi chake. Tulikubali.

Kila mchezaji ataonekana yuko wapi, jina la mji na mtaa, chini ya bendera yake, ili "marafiki wakutane". Tulikubali.

Ukitoka kikosini, mahali ulipoonekana mwisho panabaki. Tulikubali na hilo.

Nikafungua gemu kuhakikisha. Chini ya nyuki wangu: Tabora, Isevya. Imeandikwa vizuri, kwa herufi ndogo nyeupe. Chini ya bendera yake yenye radi: Dodoma.

Nikasema basi, nafuta akaunti yote, farasi na wote waende. Najiat akasoma. Ili kufuta lazima mwenye jina aweke kitambulisho, kisha aweke uso wake mbele ya kamera. Uso wa Murtadha!

Hapo Najiat akaweka simu chini. Halafu akasema mwambie kaka yako. Mwambie leo.

Nilijaribu, Mungu shahidi. Murtadha alirudi kutoka Isikizya na madumu ya asali, amechoka, nguo zote moshi. Nikamletea maji ya kunawa.

"Kaka, mtu akikuulizia jina lako usimjibu."

"Nani tena ananiulizia? Mzazi wa nani?" Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Mama! Lamya kanitafutia mchumba!"

Mama naye akacheka huko jikoni. Siku nyingi sijamsikia Mama akicheka hivyo. Nikashindwa. Nianzie wapi? Niseme kwa miaka yote hii naongea na wanaume nisiowajua, mimi binti wa Bi Saleha, kwa jina la kaka yangu, na sasa mmoja wao ana uchungu na jina hilo?

Jumatano, 16 Julai 2025

Manyoni.

Nilifungua tu asubuhi kuangalia, nikijiambia ataonekana palepale Dodoma, watu hupandwa na hasira halafu zikashuka. Imeandikwa Manyoni. Anakuja. Anafuata reli, au barabara, sijui, lakini anakuja huku.

Nimeshona mkono wa kulia upande wa kushoto. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile!

Mchana: Itigi. Nilimwandikia faragha. Samahani sana, sikujua kama ni marehemu. Sikujua kama kuna sauti. Alisoma, niliona amesoma. Baadaye akajibu: usiniandikie. Nataka kusikia sauti yako, Murtadha. Miaka yote wewe ni maandishi tu. Nataka kukuuliza mbele yako na wewe unijibu kwa mdomo.

Nimeisoma mara nyingi. Hakuna tusi hata moja humo. Ndiyo maana naogopa.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Yuko Tabora.

Sikutaka kutoka nje. Najiat akaja kunichukua kwa nguvu, tukaenda kwa binamu yake Rashidi, askari, tulimkuta nyumbani kwake amevaa kaptula anapalilia mchicha. Tukamweleza. Akauliza huyo mtu kaandika nini hasa. Nikamwonyesha. Akasoma: tutaonana. Akanitazama kwa upole. Kasema dada yangu, hata mimi nikiagana na watu nasema tutaonana. Kama kuna kutishiwa kuuawa, sawa, njoo kituoni na kaka yako mwenyewe maana anayetajwa ni yeye. Kisha akauliza, na sikumlaumu kwa kuuliza: huyu kaka yako anajua?

Njiani kurudi kila mwanamume niliyemwona amesimama peke yake alikuwa Radi. Mmoja alikuwa ameegemea ukuta wa msikiti anakula karanga. Mwingine ana begi jeusi. Mwingine aliniambia salama dada, mimi nikakaribia kukimbia. Sijawahi kuuona uso wake! Bendera tu. Miaka yote nimemfahamu, najua anavyopenda kushambulia kutokea kushoto, najua akishinda huandika "alhamdulillahi" yote bila kufupisha, na leo anaweza kupita karibu yangu nisimjue.

Jioni, wakati wa kula. Naandika kama ilivyokuwa.

Murtadha alikuwa na furaha. Kapata mteja mgeni, mtu wa Dodoma, anataka asali ya msituni, si ya dukani. Mgeni huyo alimpata kwa kuulizia tu mtaani, Murtadha wa asali anakaa wapi, wakamleta mpaka mlangoni.

Mlangoni kwetu. Mimi nilikuwa kwa Rashidi kwenye mchicha.

"Mtu mpole," kasema Murtadha. "Haongei sana. Ila ana maswali ya ajabu! Ameniuliza kama nacheza gemu za simu."

Nikarudisha tonge sahanini.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mimi nacheza bao, tena nafungwa. Akanitazama weee, kama ananidai. Halafu akasema sawa, kesho tukaone mizinga. Nampeleka Kwihara asubuhi, kwa yule mzee wetu wa nyuki."

"Usiende."

"Kwa nini?"

Mama aliacha kula. Wote wawili wananitazama. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, yamepangana, na sikuweza kulitoa la kwanza. Nikasema naumwa kichwa. Nikaondoka mezani.

Nitamwambia asubuhi kabla hajatoka. Nimeapa.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Kaondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri. Nilipotoka chumbani ua uko tupu, alama ya tairi la pikipiki tu kwenye mchanga. Mama kasema mgeni alimpitia wakaondoka wote wawili kwa pikipiki moja, mgeni nyuma.

Nyuma yake! Njia ya Kwihara ile, miti, mashamba, hakuna mtu.

Nimepiga, haipatikani. Nimepiga tena na tena. Nikafungua gemu. Chini ya radi: Kwihara.

Nikaenda jikoni nikamwambia Mama.

Yote. Nimesimama, nimeshika nguzo ya mlango, nikasema mpaka mwisho bila kumtazama. Jina la Mtemi. Laini. Picha niliyotuma. Mdogo mtu aliyekufa, na sauti zake. Nilidhani atanipiga. Nilidhani atasema nimemwaibisha marehemu baba yangu. Mama aliepua sufuria kwanza, akaifunika, akafuta mikono.

"Huyo mtu anaitwa nani?"

"Radi."

"Hilo ni jina la kuzaliwa?"

"Sijui jina lake, Mama."

"Na jina la mdogo wake aliyefariki?"

Sijui. Sikuwahi kuuliza. Mama akatikisa kichwa. "Miaka yote mko pamoja vitani, na hata jina la maiti yake hulijui."

Akachukua simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, akampigia Murtadha. Ikaita! Akaweka sauti ya juu. Murtadha akapokea, upepo mwingi, anasema Mama tumefika, mtandao hapa wa kuwindia, mzee katukaribisha uji, mgeni wangu hali kitu. Mama akasema mpe huyo mgeni wako nimsalimie.

Simu ikahama mikono. Kisha sauti. Ile sauti! Ni yeye. Niliwahi kuisikia ikipiga kelele za ushindi, leo imeshuka chini kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwanza pole sana kwa msiba wa mdogo wako. Hatukujua. Tungejua tungekuja kuhani."

Nilisikia kuku, nikasikia mtu anakohoa mbali.

"Sasa nisikilize, baba. Huyo uliyekaa naye hajui lolote, usimguse. Jina ni lake lakini mkono si wake. Aliyekushtaki yuko hapa mbele yangu. Ni binti yangu."

Mama anaitazama simu kama inachemka. Kisha Radi akasema, polepole:

"Mtemi ni mwanamke?"

"Ni mwanamke. Anaitwa Lamya."

"Mpe simu."

Mama akaninyooshea. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. Mama hakuishusha. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Nikaipokea. Nilitaka kusema samahani, nilitaka kusema sikujua, nilitaka kusema ulinifundisha kujenga ukuta wa kwanza. Nikasema tu:

"Ni mimi."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake Murtadha anauliza kuna nini, kaka, mbona hivyo, kuna nini? Simu ikakatika.

Tumepiga, haipatikani. Mama kampigia yule mzee wa nyuki, simu yake imezimwa au sijui nini, haiti. Nikamwambia Najiat amwite Rashidi. Kasema anakuja, yuko upande wa pili wa mji, anatafuta usafiri.

Mama kavaa baibui lake. Kasema kama hawajarudi akimaliza swala ya adhuhuri anakwenda Kwihara mwenyewe, hata kwa miguu. Yuko kwenye mkeka. Anaswali kwa sauti, hajawahi kuswali adhuhuri kwa sauti.

Nimefungua gemu tena. Chini ya radi hakuna Kwihara. Hakuna kitu, pameachwa pengo jeupe. Amezima? Simu imekufa? Au yuko njiani mahali pasipo na jina?

Naandika ili mikono iwe na kazi. Cherehani siwezi.

Sasa pameandikwa. Tabora, Isevya.

Pikipiki. Naisikia inapanda kutoka kwenye kona ya duka la mkaa. Inakwenda taratibu sana. Murtadha huwa haendi taratibu hivyo hata siku moja.

Imesimama nje. Imezimwa. Namsikia mtu mmoja anashuka, anavuta miguu mchangani. Nasubiri wa pili. Nasubiri sauti ya kaka, hata kikohozi chake, hata akimtukana yule mbwa wa jirani.

Mama amekatisha nyiradi, amesimama. Ananionyesha kwa kidole niingie chumbani nifunge mlango.

"Hodi," amesema mtu nje. Si Murtadha, ni ile sauti ya simuni. "Hodi wenyewe. Namuulizia Lamya."

Hakuna mwingine wa kuitika jina hilo. Nimemtikisia Mama kichwa. Nimejifunga ushungi. Mama amekuja kusimama nyuma yangu, mkono wake uko begani kwangu, na sasa nao unatetemeka. Naenda kufungua